Ni Kweli Kodi Yangu Imelipa Fidia ya Wenye Watumwa?

Haya ndugu zangu, habari za nyumbani. Tangu niweke ile video ya nyumba za Clifton, mtaa wa hapa Bristol uliojengwa kwa sehemu kwa hela za utumwa, swali ni lile lile: "Dada, ni kweli na wewe umelipa deni la watumwa, lile serikali ilikopa kuwafidia mabwana zao?" Najibu leo. Na msianze kusema najigamba kwamba nalipa kodi Uingereza, au naisema vibaya nchi inayonilisha. Haya yamo kwenye kumbukumbu za serikali yenyewe.

Ndiyo, ni kweli.

Habari za utumwa mnazijua, siwarudishi huko. Tufuate hela. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuukomesha kwenye makoloni yake mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20, karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka, ziende kwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe, kama 800,000, hawakupata hata senti. Tena wengi wao waliendelea kumtumikia bwana yule yule bila ujira mpaka 1838, eti ni wanagenzi, watu wanaojifunza kazi.

Mnadhani waliolipwa ni mabwana wakubwa tu. Hao wapo, John Gladstone wa Liverpool alizoa zaidi ya pauni 100,000. Lakini anayeniuma mimi ni mjane wa mfanyabiashara. Mume alimkopesha mwenye shamba la miwa Jamaika, akachukua rehani ya shamba pamoja na watu waliomo. Akafa, wosia ukamwachia mke posho ya kila mwaka kutoka shamba hilo. Mama wa namna hiyo aliweza kuishi mji wa Bath, hapa Uingereza, maisha yake yote asiione Jamaika. Fidia ikatangazwa, naye akapeleka dai London. Mtumwa wa Jamaika alikadiriwa kama pauni 20 kwa wastani, wa Guiana, koloni la Uingereza Amerika ya Kusini, zaidi ya 50. Mali ya mke ilikuwa mikononi mwa mumewe, ndiyo maana wajane wanaonekana kwa majina yao wenyewe. Wanawake walikuwa kama asilimia 40 ya wadai!

Niseme na langu. Ofisi moja hapa ilinipotezea cheti cha kuzaliwa, nikaambiwa nilipe ada upya, hata pole sikupewa. Halafu nasoma makamishna wa ile fidia walivyokaa na madai kama 46,000, wakiwasikiliza waliogombea shamba moja hadi kila mmoja ajue chake. Naumia, sitaficha.

Hela yenyewe ilikopwa, milioni 15 mwaka 1835 kwa matajiri wa fedha wa London, Nathan Rothschild na Moses Montefiore. Deni likaunganishwa na mengine, likaisha 2015. Hazina walilitaja wenyewe 2018. Kabla ya hiyo 2015 mimi nilikuwa nimeshaanza kazi ya kutunza wazee, na kodi hukatwa kabla mshahara haujanifikia. Zamu zangu za usiku zimo mle. Na za akina mama wa Kijamaika walionifundisha kazi zimo pia, wajukuu wa wale wale waliouzwa!

Msiniulize tudai nini, kila mtu na moyo wake. Anayetaka majina ya waliolipwa, chuo kikuu cha University College London wameyaweka mtandaoni bure, mimi hutafuta kwa mji. Na ninyi wa Unguja na Pemba, utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, chini ya Waingereza hao hao, fidia alipewa bwana, na mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake. Waulizeni wazee wenu nani alilipwa, mniandikie hapo chini.