Al Khor: mji uliozaliwa na hori

ZAINABU: Assalamu alaikum, wasikilizaji wetu. Leo tunavuka bahari hadi Qatar, kwenye mji mdogo wa Al Khor, ulioko kilomita 50 hivi kaskazini mwa Doha. Kaka Omari aliishi huko miaka miwili akifanya kazi ya ulinzi, na tangu arudi Mombasa hachoki kuutaja.

OMARI: Waalaikumu salamu, dada Zainabu. Wakala aliyenipeleka aliniahidi Doha yenye maghorofa, lakini usiku ule gari liliipita Doha, likashika njia ya jangwani na kutushusha mahali nisipopajua. Kulipopambazuka niliona maji yametulia kama ya kisimani, mashua za wavuvi zimefungwa, na mbele zaidi ukijani wa mikoko, nikadhani naota niko Mtwapa. Muuza samaki mmoja ndiye aliyenieleza kwamba khor ni maji ya bahari yaliyoingia nchi kavu. Nikamwambia kwamba sisi kwetu twaita hori.

ZAINABU: Na ni neno lilelile. Kamusi zetu zinalo hori kwa maana ya mkono wa bahari, ingawa siku hizi ukimtajia kijana wa mjini atafikiria chombo cha kulishia ng'ombe, na mvuvi atafikiria kimtumbwi chake. Zamani mji wenyewe uliitwa Khor Shaqiq, kisha jina likafupishwa likabaki hilo la Al Khor, yaani Hori, kana kwamba hakuna hori nyingine duniani.

OMARI: Watu wa kabila la Al Muhannadi, ambao ndio wenyeji wakubwa wa mji, wana kisa cha wawindaji waliomfukuza sungura hadi wakakigundua kisima cha Ain Hleetan, na watu wakahamia hapo kwa ajili ya maji matamu. Kisa ni kizuri, na kisima kipo, na minara mitatu ya mawe bado inasimama juu ya kilima ikikilinda pamoja na bandari. Hata hivyo, mimi naona kisima peke yake kisingetosha kuwaweka watu pale. Upepo wa kaskazini-magharibi, ambao wao huuita shamali, ukivuma huvuruga bahari kwa siku kadhaa, na chombo kisicho na pa kujificha kinaweza kuvunjika. Hori ndiyo iliyowapa pa kufunga vyombo vyao, na vyombo ndivyo vilivyowapa lulu.

ZAINABU: Tueleze hiyo kazi ya lulu, maana wengi tunaijua kwa pete na mikufu tu.

OMARI: Msimu mkubwa ulikuwa wakati wa joto kali, tangu karibu mwezi wa Juni hadi Septemba. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akatia mguu kwenye kamba yenye jiwe zito, akashuka chini na kikapu shingoni, akazoa chaza kwa pumzi moja, kisha akatikisa kamba ili mwenzake aliye juu amvute haraka. Alirudia hivyo mara nyingi kwa siku moja. Mkuu wa chombo aliitwa nahodha, kama kwetu. Kabla ya safari nahodha aliwakopesha wazamiaji pesa za kuziachia familia zao, na mapato ya msimu yasipotosha, deni lilisubiri msimu ujao, na mara nyingine mtoto alilirithi kwa baba yake.

ZAINABU: Hapo hatuwezi kupita bila kusema kwamba baadhi ya waliozamia katika Ghuba walikuwa watu waliotekwa Afrika Mashariki na kuuzwa huko, na kwamba biashara ya lulu iliposhamiri mwishoni mwa karne ya 19, mahitaji ya mikono yao nayo yaliongezeka. Qatar iliondoa utumwa kisheria mwaka 1952, na leo Doha ina jumba la makumbusho, Bin Jelmood, linaloieleza historia hiyo waziwazi.

OMARI: Lulu zenyewe zilianguka kabla ya hapo. Wajapani walipofanikiwa kuzikuza lulu kwa mkono wa mwanadamu, na mdororo wa uchumi wa dunia ukafuata mwaka 1929, bei iliporomoka na vyombo vikaozea ufukweni. Kilichouinua mji tena ni gesi. Kisima kikubwa cha gesi cha baharini kiligunduliwa mwaka 1971, na bandari ya Ras Laffan, iliyo kaskazini zaidi, ikaanza kusafirisha gesi iliyoyeyushwa mwaka 1996. Wafanyakazi wake wengi hulala Al Khor.

ZAINABU: Halafu ukaja mpira. Ufunguzi wa Kombe la Dunia tarehe 20 Novemba 2022, ambapo Ecuador iliifunga Qatar mabao 2 kwa 0, ulifanyika hapo katika uwanja wa Al Bayt, uliojengwa kwa umbo la hema jeusi la Mabedui lenye mistari myeupe. Mimi jina hilo lilinifurahisha kwa sababu bayt ni nyumba, na ndilo neno lililotupa beti za mashairi yetu.

OMARI: Uwanja ni mzuri, lakini haukai majini, uko kando kabisa. Ukitaka mji, nenda kwenye hori. Kuna kisiwa kidogo, Jazirat bin Ghannam, ambacho wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta humo lundo kubwa mno la konokono wa baharini waliopondwapondwa ili kutoa rangi ya zambarau. Kazi hiyo ilifanyika katika milenia ya pili kabla ya Kristo, wakati Wakasi walipotawala Babeli, na vigae vya vyungu vyao vimeonekana hapohapo.

ZAINABU: Mikoko inayokizunguka ni ipi? Babu yangu alikata boriti Lamu, kwa hiyo lazima niulize.

OMARI: Ni mchu mtupu, aina moja tu ya miti ya mikoko. Majira ya baridi ya huko, pamoja na chumvi nyingi ya bahari ile, huishinda mikoko yenyewe ya boriti na mikandaa.

ZAINABU: Ndipo ninapomwelewa babu. Alikuwa akisema kwamba Waarabu wana bahari lakini hawana mti, na nikidhani ni majivuno ya mkata mikoko. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, na kusi ilipoanza yalirudi yamesheheni miti iliyohesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, nayo ikipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Chumba cha nyumba ya zamani ya Ghuba, sawa na chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu, hakikupanuka kupita urefu wa boriti. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuiuza miti hiyo nje, lakini nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuezekwa.

OMARI: Niliziona, dada. Katika nyumba kuukuu karibu na ufuko, dari limebomoka nusu, ncha za miti zimetokeza nje ya ukuta, zimekuwa nyeusi kwa miaka, na juu yake kuna vipande vya mkeka na udongo. Nilipitisha mkono juu ya mmoja nikakuta alama za shoka bado zinasikika kwa vidole.

ZAINABU: Na mchu wa pale, haukufaa hata kwa fito?

OMARI: Ni mfupi, umepindapinda, na wote umezungukwa na mizizi iliyosimama wima kwenye tope kama penseli. Geuza jani lake utaona chembe ndogo nyeupe chini yake, kwa sababu mti huo huitoa chumvi kupitia majani. Siku moja nililamba jani mbele ya mlinzi mwenzangu, Mganda wa Kampala ambaye hakuwahi kuishi karibu na bahari, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha naye akachuma lake.