Steringi Wawili, Saa Mbili

Mabibi na mabwana, sisi tuliokulia kwenye sinema za kauboi tuliingia ukumbini na swali moja tu: steringi ni nani? Ukishamjua, umetulia, maana steringi hafi.

Sergio Leone, yule mwongozaji wa filamu Mwitaliano, mwaka 1964 alitupa jibu rahisi. Katika *Per un pugno di dollari*, yaani konzi ya dola, Clint Eastwood anaingia kijijini, anazichonganisha koo mbili, anaondoka. Filamu tamu, sikatai, ingawa kisa kilichotwa kwa Kurosawa, mwongozaji wa Kijapani, bila kubisha hodi na Wajapani wakadai chao.

Mwaka uliofuata ikaja *Per qualche dollaro in più*, yaani kwa dola chache zaidi. Humo steringi ni wawili, wote wawinda majambazi kwa zawadi! Wa kwanza ni Eastwood yule yule. Wa pili ni Lee Van Cleef, ambaye Hollywood ilikuwa imemzoesha vijisehemu vya jambazi anayekufa mapema. Hapa ni Kanali Mortimer, mtu mzima, mtaratibu, bunduki zake kazikunja vizuri kama fundi na vyombo vyake.

Tazameni wanavyokutana usiku barabarani. Kwanza wanakanyagana viatu, kama watoto wa shule. Kisha kofia ya Kanali inaanguka, na kijana, yaani Eastwood, anaipiga risasi, ikaruka. Kanali anaifuata, kabla hajaiokota, risasi nyingine. Anaifuata tena, pole pole, bila neno, mpaka risasi za kijana zikawa hazifiki. Hapo ndipo mzee anachomoa bastola yake ya mtutu mrefu, anaipeperusha kofia ya kijana hewani asiiache itue. Hakuna aliyejieleza, lakini tumeshajua nani ana haraka na nani ana subira. Filamu ya kwanza haina dakika kama hizo.

Na adui je? Gian Maria Volonté ndiye adui katika filamu zote mbili, kwa hiyo tofauti haitoki kwa mwigizaji. Ramón wa kwanza ni katili, basi. Indio wa pili anavuta bangi na kufungua saa ya mfukoni yenye muziki. Muziki ukikoma, ndipo watu wapigane risasi. Saa ile ni ya dada yake Kanali, aliyejiua mikononi mwa Indio alipomnajisi. Morricone, mtunzi wa muziki wa filamu, kautunga ule mlio mwembamba kiasi kwamba kila ukilia, adui mwenyewe anaumia. Mwishoni muziki unakaribia kuisha, Kanali hana silaha mkononi, na ghafla unaanza upya: Eastwood kasimama na saa ya pili, pacha wa ile.

Nakubali, katikati inavuta vuta, na mambo ya kule Agua Caliente, kijiji anakojificha Indio na genge lake, yangepunguzwa. Lakini Kanali anakataa dola zote za zawadi, anaondoka na farasi wake. Eastwood anabaki kupakia maiti mkokotenini akihesabu zawadi ya kila kichwa. Hesabu haitimii. Anageuka: mmoja bado yuko hai, nyuma yake.