Kubadilisha giaboksi ya otomatiki kwenye Hilux ya zamani

Habari zenu wadau, tupo gereji Uyole, Mbeya, na baridi ya leo spana zinauma mkononi. Hilux hii inabeba viazi. Ukiweka D injini inanguruma, gari haiendi. Oili yake ni nyeusi na inanuka kuungua, maana yake kliachi za ndani zimekwisha. Tunaweka giaboksi ya mtumba, aina ya A340, gia nne.

Toa waya hasi wa betri. Weka stendi, usilale chini ya jeki peke yake. Mwaga oili, toa stata, toa propela, ila piga alama ya rangi pale inapokutana na difu ili irudi ilivyokuwa. Hayo mnayajua.

Konveta, lile duara la oili linalounganisha injini na giaboksi, ifungue kwanza kwenye plati ya injini. Chungulia tundu hili, zungusha krenki, bolti zinakuja moja moja. Ziko sita.

Dogo, leta taa. Mnaona nati ya paipu ya kula, yaani kipoza oili ya giaboksi? Imeshika. Spana ya kawaida itakula kona zake. Mimi napenda ile spana ya nati za paipu, inakumbatia nati karibu yote. Tupulizie dawa ya kutu, tunywe chai kwanza.

Haya, imelegea. Safisha paipu hizi pamoja na kula ndani ya rejeta, piga upepo hadi oili itoke safi. Chenga za chuma za giaboksi iliyokufa zimejificha humo, zitaiua na hii tunayoweka.

Sasa njoo karibu kabisa na kamera. Mimina oili kama lita moja kwenye konveta, iingize kwenye giaboksi tunayoweka, sukuma huku unazungusha. Inazama mara ya kwanza, tk. Ya pili, tk. Wengi wanaishia hapo. Endelea! Bado ya tatu, ile ya kushika pampu ya oili ya giaboksi. Weka rula ya chuma mdomoni mwa kengele, ganda pana la mbele la giaboksi: masikio ya konveta lazima yawe yamezama ndani yake.

Mimi niliishia ya pili siku moja, nikavuta kengele kwa bolti. Pampu ilipasuka, mteja alisubiri wiki nzima. Inaniuma hadi leo. Kwa hiyo kengele ikutane na injini kwa mkono. Kukibaki nafasi, hata ya kidole, usikaze. Rudisha nyuma. Narudia, usivute kwa bolti! Ikishakutana, zungusha konveta: inacheza huru? Kaza.

Fungeni vingine. Mimina oili ya giaboksi, Dexron, lita nne, washa, kanyaga breki, pitisha P mpaka L taratibu, kisha ongeza kidogo kidogo. Stiki ya kupimia oili inasomwa oili ikiwa ya moto, injini inawaka, gia ikiwa P.

Umesikia D ilivyoshika? Gari imeinama kidogo mbele. Usianze na mlima wa Iwambi, tembea tambarare kwanza, rudi tuangalie kama inavuja. Filta na oili ninazo hapa.