Printa ya Wino Inapopata Moto Kupita Kiasi

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie printa za wino zinazopata moto kupita kiasi majumbani, na naona ni vyema nianze na jambo linalowashangaza wengi: nyingi kati ya printa hizo zimeundwa zipate moto. Mwaka 1977 mtafiti wa kampuni ya Canon, Ichiro Endo, aliona wino ukiruka kutoka kwenye sindano ya bomba baada ya kuguswa na chuma cha kulehemu kilichokuwa cha moto, na kutokana na ajali hiyo ndogo kikabuniwa kichwa cha kuchapia kinachotumia joto. Nyuma ya kila tundu la kichwa hicho kuna kipasha joto kidogo mno, ambacho kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho hufikia takriban nyuzi 300 za Selsiasi. Wino unaokigusa hugeuka mvuke, kiputo huvimba, na tone husukumwa nje hadi kwenye karatasi. Printa za Epson hazifuati njia hiyo, kwani matone yake husukumwa na kipande kinachojipinda kinapopitishiwa umeme, kwa hiyo zikipata moto sababu hutafutwa kwingine.

Basi, kinachokipoza kichwa kile ni wino wenyewe. Kila tone linalotoka huondoka na sehemu ya joto, na wino mpya unaoingia hupoza mahali lilipotoka. Wino ukiisha, matundu yakiziba au hewa ikiingia njiani, kipasha joto huendelea kufanya kazi pakavu, mithili ya sufuria iliyosahauliwa jikoni baada ya maji kukauka.

Mimi mwenyewe niliwahi kuhangaika siku mbili na printa iliyokuwa ikisimama kila baada ya kurasa nne au tano, ikidai kuwa inasubiri kupoa. Nilihamisha meza, nikaielekezea feni, nikapangusa vumbi lote lililoonekana. Siku ya pili nilipoitoa katriji nyeusi, yaani kikasha cha wino mweusi, ambayo nilikuwa nimeibadilisha wiki hiyohiyo, niliona utepe wa plastiki bado umeganda juu ya kitundu cha kuingizia hewa. Hewa isipoingia, wino hauteremki. Niliubandua, na tatizo likaisha. Feni niliirudisha mahali pake kimyakimya.

Kwa hiyo, onyo la joto linapotokea, zimeni printa, chomoeni plagi, na muiache ipoe kwa muda wa nusu saa hivi. Kisha kagueni kiwango cha wino na mchapishe ukurasa wa kupima matundu. Mistari ikiwa imekatika, safisheni kichwa kwa kutumia programu ya printa yenyewe, lakini msirudie zaidi ya mara mbili au tatu mfululizo, kwa sababu usafishaji huo hula wino mwingi, na kichwa kisichopata wino huzidi kuumia. Afadhali kusubiri saa kadhaa ili viputo vya hewa vitulie, kisha kujaribu tena.

Ikiwa wino uko sawa, geukieni mota inayosogeza katriji. Printa ikiwa imechomolewa, sukumeni taratibu kibebeo cha katriji kutoka upande mmoja hadi mwingine, nacho kiteleze bila kugoma. Kikikwama mahali fulani, mara nyingi pana kipande cha karatasi kilichochanika, au uchafu ulioganda kwenye reli, na mota inayolazimishwa kuvuta mzigo huo lazima ipate joto. Jua la dirishani na matundu ya hewa yaliyozibwa na ukuta nayo huchangia, ingawa kwa uzoefu wangu si mara nyingi yawe chanzo peke yake.

Adapta, yaani kile kisanduku cha kwenye waya wa umeme wa printa, ni suala la pekee. Kuwa vuguvugu ni kawaida yake, lakini ikiwa mkono hauwezi kutulia juu yake, au pakisikika harufu ya plastiki inayoungua, ichomoeni na msiirudishe kwenye umeme. Tafuteni nyingine yenye volti ileile na ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye ile ya awali. Kwa printa ambayo sehemu hiyo ya umeme imo ndani, msiifungue wenyewe, kwani kapasita zake, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Huko mwachieni fundi.