Zipota: Mateke ya Wabaski Yasiyo na Cheti cha Kuzaliwa

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Mombasa, Lamu na popote mnaponitazama. Nyuma yangu ni mto Nive, hapa Bayonne, mji ulioko kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwa Wabaski, watu wanaoishi pande mbili za mpaka wa Ufaransa na Hispania. Leo tuizungumzie zipota, mchezo wa kupigana kwa mateke ambao wapenzi wake husema ni urithi wa kale wa watu hawa, ilhali wenye shaka huuona kuwa ni savate, mapigano ya Kifaransa ya mateke na ngumi, iliyovishwa kofia ya Kibaski.

Historia ya savate inafuatika. Jina lake maana yake ni kiatu kikuukuu, na hakika mpiganaji huvaa viatu, akapiga kwa ncha, kwa ukingo au kwa soli, wala haruhusiwi kupiga kwa goti wala kwa muundi. Mnamo 1825 Michel Casseux alifungua ukumbi Paris na kuyawekea mateke ya mitaani kanuni. Baadaye Charles Lecour, aliyejifunza ndondi za Kiingereza, akayaunganisha na ngumi. Mabaharia wa Marseille nao walikuwa na mchezo wao, chausson, wenye mateke ya juu. Mwaka 1924 savate ilionyeshwa kwenye Olimpiki ya Paris.

Zipota haina karatasi za namna hiyo. Watetezi wake huelekea baharini: Wabaski walivua nyangumi hadi pwani ya Labrador, Kanada, katika karne ya 16, na Juan Sebastián Elcano, Mbaski mzaliwa wa Getaria, upande wa Hispania, ndiye aliyeifikisha Hispania, mwaka 1522, merikebu ya kwanza kuizunguka dunia. Watu waliosafiri kiasi hicho, husemwa, hawakukosa kuwa na mapigano yao ya melini. Hoja inapendeza, ila inathibitisha ubaharia tu, mateke hayamo.

Kinachonifanya nisiitupe zipota moja kwa moja ni aurresku, ngoma ya heshima ambayo mchezaji husimama mbele ya mgeni anayeenziwa, filimbi ya txistu ikilia, kisha akarusha mguu ulionyooka hadi juu ya kichwa chake mwenyewe. Nilipoiona mara ya kwanza, harusini, nilirudi nyuma hatua mbili, na bibi mmoja akanicheka waziwazi. Mguu ule ukimpata mtu shavuni, hataulizia asili yake. Lakini na sisi tunacho kirumbizi, ambamo wawili huingia duarani na bakora zao wakashambuliana na kukingana huku ngoma ikilia, na sijamsikia mtu wa Lamu akidai kwamba kwa hiyo tulikuwa na chuo cha kale cha mapigano chenye madaraja na walimu wakuu. Huenda bakora zile zilitoka vitani, huenda zilianzia harusini. Mchezo wenyewe hausemi.

Kwa hiyo mimi naamini teke la aurresku ni la Wabaski kwelikweli, ila mateke ninayoonyeshwa kwa jina la zipota yanafanana mno na savate, na katika nchi ambayo savate ina kumbi tangu karne ya 19, ni rahisi zaidi kuamini kwamba yaliazimwa huko. Tena Wabaski hawana haja ya kuazima umri. Hawa ni watu wanaoshindana kunyanyua mawe, na mabingwa wao wamefikisha mabegani jiwe la zaidi ya kilo 300.