Nyumba ya Mke wa Tano: Bi Mgaya wa Nyang'ombe

Ndugu wasikilizaji, akitajwa Chifu Nyerere Burito wa Butiama, baba wa Mwalimu Julius Nyerere, watu hukimbilia hesabu ya wake zake 22. Leo tukae na wa tano.

Mgaya wa Nyang'ombe alizaliwa mwaka 1892, akaolewa mwaka 1907 akiwa na miaka 15. Mumewe, wa mwaka 1860, alikuwa mtu mzima hasa. Na hakuwa chifu bado: Wajerumani walimsimika mwaka 1915. Kwa hiyo tuache kusema Mgaya aliolewa na chifu. Uchifu ulimkuta ndani ya ndoa.

Mji wenyewe ulikuwa hivi: zizi la ng'ombe, nyumba ya msonge ya Burito katikati, na nyumba za wake zimezunguka. Mgaya alizaa mara nane, wawili wakafa wachanga. Kambarage, ndiye Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa tarehe 13 Aprili 1922 na kuitwa kwanza Mugendi, alikulia katika nyumba ya mama, akimsaidia kulima ulezi, mahindi na muhogo.

Ulezi nitauzungumza kwa kirefu, maana ndio uliomaliza siku za mwanamke. Mbegu ni ndogo mno, na magugu ya jamii yake hufanana nao yakiwa machanga. Asiye na jicho hung'oa chakula akaacha majani. Palizi ikichelewa, mche hudumaa. Wakati wa kuvuna hukatwa masuke tu kwa kisu, yakaanikwa, yakapigwa, yakapepetwa kwa ungo, kisha mtu akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Faida yake ni moja kubwa: ukikauka vizuri hukaa ghalani miaka, kwa kuwa wadudu wa ghala hawaupendi. Ukihifadhiwa na unyevu, huota ukungu.

Muhogo nao una masharti. Ule mchungu una sumu: humenywa, huvundikwa au kulowekwa siku kadhaa, huanikwa mpaka ukauke kabisa, ndipo hutwangwa. Mara nyingi madhara hutokea wakati wa njaa, mtu anapofupisha siku hizo. Na njaa zilikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 nzige walishambulia mashamba Tanganyika.

Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya nyumba, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898 na kuendelezwa na Waingereza. Chifu ndiye aliyeikusanya kwa niaba ya serikali.

Februari 1934 Kambarage akaenda shule ya Mwisenge, Musoma, kama kilomita 40 kutoka nyumbani. Tunasifu uamuzi wa baba. Ni nadra kuuliza nani alishika jembe la Kambarage. Burito alifariki mwaka 1942. Uchifu hatimaye ulishikwa na Wanzagi, mtoto wa nyumba nyingine. Nyumba ya mke wa tano ilibaki na shamba lake, na kijana aliyeingia Makerere mwaka 1943.