Mto Una Afya Gani? Waulize Wadudu

Hamjambo nyote mlio Nairobi, hasa nyinyi wadogo zangu mnaosoma ikolojia. Huku ughaibuni kiangazi kimeingia na wanafunzi wako mitoni na nyavu zao. Nyumbani Juni hadi Agosti ni baridi, masika yamekwisha, maji yametulia. Ndio wakati wenu. Ila mvua kubwa ikinyesha, subirini: mafuriko hukokota wadudu, nanyi mtadhani ni uchafu uliowaua.

Njia rahisi ni miniSASS, kipimo cha afya ya mto kwa kuangalia wadudu na viumbe wengine wadogo waishio humo, kilichobuniwa Afrika Kusini. Tafuta wavu wa matundu ya milimita 1 hivi, trei nyeupe, kibano, lenzi ya mkononi, gambuti na glavu. Glavu usiziache kabisa, kwa sababu Mto Nairobi ukipita mjini hubeba maji taka.

Wavu ukae upande maji yaendako, miguu yako upande yatokako. Vuruga mawe kwa gambuti, wadudu wasombwe waingie. Fanya hivyo dakika 5 kwa jumla, ukizigawa kati ya mawe, mimea ya ukingoni na mchanga. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mtu akichota tope tupu hupata minyoo tu, na mto safi huonekana mgonjwa. Ukiwa na vituo kadhaa, anza na cha chini, kisha panda kuelekea Ondiri, chanzo cha mto, ili tope ulilotibua lisikutangulie.

Kila kundi lina alama yake, kubwa kwa wasiovumilia uchafu, nalo huhesabiwa mara moja, hata wakiwa mia. Kwa mfano, umepata hawa: Minyoo 2, mabuu ya nzi 2, konokono 4, meiflai (mayfly, mdudu wa majini) wembamba waogeleao 5, kadisi (caddisfly, mdudu mwingine wa majini) 9. Jumla 22, gawanya kwa makundi 5: 4.4. Huo ni mto wenye hali mbaya sana.

Usikimbilie kuandika stonflai (stonefly, mdudu wa majini afananaye na meiflai), maana wana alama 17 na mmoja tu hupandisha wastani. Mikia miwili haitoshi kumtambua, baadhi ya meiflai wanayo pia. Tazama mguu kwa lenzi: stonflai ana kucha mbili, meiflai moja.

Wa kupeleka maabara watie kwenye ethanoli ya asilimia 70, na lebo ya penseli ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka humo. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, iombe mapema, na kwa mito ya msitu wa Karura, pata pia ruhusa ya KFS, shirika la misitu, kabla ya kulowesha gambuti.